Mishipa Iliyopigwa Chapa

Sifa mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hadi hapa mezani unavyokoroma kama injini iliyokosa mafuta. Mimi nami ni mzima. Nimekula, na kidonge cha kifafa nimekimeza mbele ya macho yako, ukanifungulisha na mdomo ili uhakikishe. Basi salamu zimekwisha.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria, ya kutomshikia mtu mzigo usioujua, shangazi yako ameyasema tangu Jumapili, na kesho atayarudia gatini mpaka mashua ya Kigoma ing'oe nanga. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina neno moja tu. Jana, tulipokuwa tunaosha sahani, ulisema bila kunitazama:

"Mama, naona nitabaandikia bale baprofesa ya Afrika Kusini. Banisukumie masomo mwaka moja. Nibaki hapa kwanza mpaka mishipa yako ifunge."

Nikajibu "tutaongea", nikaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamefungwa tayari. Barua hii ndiyo kuongea kwenyewe. Ukiwa macho unanishinda kwa Kifaransa na kwa machozi. Ukiwa umelala nakupata vizuri.

Nianze na babu yako, ambaye wewe ulimkuta tayari anatembea kwa fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na minane alipoanguka kutoka juu ya mchikichi akikata mashada. Nyonga ikavunjika. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekubaliwa shule ya wauguzi, sanduku langu limeshafungwa kamba. Nikafungua kamba. Nikasema nitaenda mwaka ujao, nimwangalie baba kwanza.

Hakuna aliyeniamuru, Sifa. Ningekuwa nimeamriwa ningekuwa na mtu wa kumlaumu, na wewe unanijua, mimi napenda kuwa na mtu wa kumlaumu. Watu wa kanisani walinisifu: "Mutoto muzuri huyu, anapenda baba yake." Daktari wa hospitali ya Nundu aliupanga mfupa, na mfupa ukaunga kwa wakati wake, niwepo nisiwepo. Mwaka ujao ulipofika, nafasi yangu alikuwa nayo mtu mwingine. Mwaka uliofuata ikaja vita, shule ikafungwa, walimu wakavuka ziwa.

Babu yako aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alipoomba maji nilimpa. Maji nilimpa, uso sikumpa. Siku moja aliweka kikombe chini akaniambia, "Mama yangu, ungeenda, mimi ningepona vilevile. Na ningekuwa na mutoto wa kujivunia, si mulinzi." Nilikasirika siku tatu. Nilitaka kumuuliza mbona hakusema siku ile nilipofungua kamba. Sasa mimi ndiye nina nafasi ya kusema siku yenyewe, na sitakubali initoroke.

Sasa nije kwenye kichwa changu hiki, ambacho watu wamekitolea maneno kuliko bei ya chumvi.

Nilipoanguka mara ya kwanza mbele ya mizani, soko la mawese likiwa limejaa, nilipozinduka ulimi una damu nilisema ni jua. Mara ya pili nilisema sikula asubuhi. Nilificha kwa hesabu, si kwa woga: mwanamke wa biashara akianguka, wanunuzi wanahamia kwa jirani yake. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni upande mmoja wake, kwamba kichwa hakiuzwi sokoni ukapata kingine. Ulikuja likizo kutoka chuoni Bukavu ukanikuta nimelala kando ya ndoo, na kuanzia hapo sikuwa na siri tena nyumbani mwangu.

Baba yako mdogo Mlasi alifika kesho yake, mikono nyuma, kama kawaida yake.

"Shemeji, hii ni kitu ya kurogwa. Mwanamuke pekee, bidoni mingi vile, batu wanaona."

"Wanaoona ni wengi," nikamwambia. "Walioona michikichi ya marehemu kaka yako na kuigawana kabla matanga hayajakwisha, nao walikuwa na macho mazuri sana."

Ukaniminya mkono. Najua. Nina kinyongo, nimekaa nacho miaka, na sitajifanya nimekisamehe kwa sababu unasafiri. Ila nikuambie nilichojifunza juu yake: hasira ni kama petroli ya mashua. Ikiwa ndani ya injini inakufikisha Swima na kukurudisha. Ikikumwagikia nguoni, unanuka wiki nzima na hakuna anayekaa karibu nawe. Mimi nimefanya yote mawili. Kwa bidoni moja, dumu moja la mawese kichwani kutoka kijiji cha Swima, kwa miguu, nilifika kwenye depo yangu mwenyewe, ghala la mafuta. Hiyo ilikuwa petroli ndani ya injini. Rafiki walionikimbia njiani, hiyo ilikuwa ile ya nguoni.

Nikauza mashua, tukaenda Nairobi. Pale hospitalini, mbele ya ile picha ya kichwa changu, daktari alituonyesha fundo. Mshipa unaoleta damu kwa nguvu umeungana moja kwa moja na mshipa wa kuirudisha, bila vile vijia vyembamba vya katikati vinavyopunguza nguvu. Ukuta umechoka, unaweza kupasuka. Kulikata hawathubutu, liko mahali pabaya. Watalipiga mionzi. Mimi nikaitikia kila neno: ndiyo docta, ndiyo docta. Miaka yote nimebishana na wauza mawese juu ya kikombe kimoja, lakini mbele ya koti jeupe nilikuwa mtoto wa kipaimara. Wewe ndiye uliyebishana kwa niaba yangu.

"Mionzi inapiga siku moja. Kwa nini mshipa unafunga baada ya miaka miwili, mitatu?"

"Kwa sababu haikati," akasema. "Inaunguza ukuta wa ndani. Ukuta unanenepa polepole mpaka njia inajiziba yenyewe."

"Na katikati ya hapo?"

"Hatari ni ileile ya zamani. Tunangoja."

"Docta, kungoja ni kitu tuko nacho hata kwetu Baraka. Hatukupanda ndege juu ya kungoja."

Nikataka kukupiga teke chini ya meza. Mzee wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kuna wenzako wanaochukia kungoja, wamejifungia maabara, akakuandikia jina la makala ya kusoma. Uliisoma usiku huohuo kwenye simu, hotelini, mimi nikiwa na alama za skrubu za fremu waliyonifunga kichwani siku hiyo kwa mionzi, na uliponiamsha nikadhani kuna moto.

Maneno yako yale nayakumbuka yote. Nataka uyasome kwa mwandiko wangu ili ukumbuke ulivyokuwa.

"Mama, sikiliza. Ukuta wa mushipa wenye kupigwa na mionzi unageuza bintu yake ya ndani inje. Ni kama nyumba yenye kuungua. Ukipita kwa barabara unaona bitanda na sufuria biko inje kwa lupango. Mushipa muzima hauna kintu inje. Basi iko dawa, banaiwekea mukono wa kushika. Inatembea na damu mwili yote, haishike kintu, haishike kintu, mpaka ifike kwenye bitanda biko inje. Pale inashika. Inagandisha damu palepale, mushipa unafunga."

"Kwa siku ngapi?"

"Kwa banyama ya labo, mbio kuliko kungoja. Kwa muntu, hakuna mwenye kujua bado."

"Na ikishika pengine?"

Ukaweka simu kitandani. "Ikigandisha damu pengine, kwa mapafu ao kwa upande muzuri wa kichwa, muntu anakufa. Njo kazi yenyewe iko pale."

Mwanangu, nilikuwa na kichwa kinachouma, nimetoka kuuza mashua niliyoitafuta miaka saba, na nilisikia furaha ambayo sikuwahi kuisikia hata siku nilipofungua depo. Nilikaa kitandani. Nilikuambia, "Ni chapa. Mionzi ni chuma cha moto, inapiga chapa, na dawa inatafuta chapa."

Ukacheka kwa sababu ulijua nakwenda wapi.

Wewe ulikuwa mdogo wakati wa ule mkasa wa bidoni, na usiku ule nilikueleza kwa haraka, basi nauandika wote. Unajua tunavyopakia: mashua moja, wenye mali kumi, bidoni zote za njano, zote zinafanana kama vifaranga. Kila mmoja anapasha chuma na kuichoma bidoni yake alama. Yangu ilikuwa duara lenye mstari katikati. Nilimwagiza Saleh, mpakiaji wetu, "Kila yenye duara na mstari, shusha kwangu." Nikaona nimemaliza. Nilichosahau ni kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nauza bidoni kuukuu zilizochoka, tupu, na chapa yangu mwilini. Wanawake wa Swima walizinunua, wakazijaza mafuta yao, wakatia nukta ndogo pembeni ambayo Saleh hakuwa na habari nayo. Akazishusha zote kwangu. Vijana wa depo wakazimimina kwenye pipa pamoja na zangu, mafuta mazuri ya kukamuliwa mara ya kwanza yakachanganyika na yale mazito ya sabuni.

Niliitwa mwizi mchana kweupe. Mama mmoja alisimama mlangoni pangu akavua kitambaa cha kichwa akakitupa chini. Nililipa kila tone, na wengine niliwalipa zaidi, na hadi leo kuna wawili wakiniona kanisani wanahama benchi. Sikuiba. Nilituma mtu atafute alama bila kujiuliza ni wapi kwingine alama ile iko. Ni kosa la mtu anayejua sana mali yake mwenyewe.

Baada ya hapo nikaongeza kitambaa. Kila safari, kipande cha kitenge cha rangi moja kwenye mkono wa bidoni, na safari ikiisha kinachomwa. Saleh hashushi mpaka aone vyote viwili, chapa na kitambaa. Kimoja peke yake, aache.

Nilikueleza hayo pale hotelini nikijiona nimesoma. Wewe ukafikiri, ukakuna shingo, ukasema, "Si vile kabisa, Mama. Bidoni haina homa."

"Homa gani?"

"Malaria. Muntu akiwa na malaria, kuta za mishipa yake zinavimba, zinatoa inje alama zingine zenye kufanana na zile za mionzi. Bale banafanya majaribio kwa banyama yenye haina malaria. Sasa ile dawa ikija kwetu Fizi? Mugonjwa wako amepigwa mionzi ya kichwa, na siku ile ya sindano damu yake iko na malaria. Mukono wa dawa utaona bitanda inje kila fasi ya mwili."

Tukatazamana. Kisha ukaanza kutembea chumbani, hatua nne huku, hatua nne kule, chumba chenyewe hakina nafasi, unagonga kitanda kila ukigeuka, na husikii maumivu. Lazima wapate alama ambayo homa haiitoi, ulisema, au alama mbili zikutane. Na ukaniambia si fundo kama langu tu. Hata uvimbe wa kansa unalishwa na mishipa, ukiupiga mionzi mishipa yake nayo inaonyesha alama, na dawa ya kansa ingeweza kupelekwa pale bila kumuunguza mtu mwili mzima kama tulivyoona kwa jirani yetu Mama Aziza.

Swali hilo la homa ndilo uliloliandika kwenye barua ya kuomba burse, ufadhili wa kusoma Afrika Kusini. Ndilo ulilowaeleza wale maprofesa kwa simu, siku mtandao ulipokatika mara tano na ukapanda juu ya tangi la maji la kanisa kutafuta mawimbi. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Nilisikia yule mama profesa wa kule akisema polepole, mara mbili, "Hilo hatujalifanyia kazi. Njoo tulifanyie kazi pamoja." Ngazi ilitikisika, na aliyeitikisa ni mimi, si upepo.

Sasa unataka usukumiwe mwaka mmoja. Haya, tupige hesabu, kwa sababu huko ndiko sipendi mtu anidanganye, hata mwanangu.

Daktari alisema kati ya watu mia wenye fundo kama langu, wawili mpaka wanne huvuja damu ndani ya mwaka. Tuchukue wanne, tusijipendelee. Basi tisini na sita wanaumaliza mwaka salama. Mwaka wangu wa kwanza umekwisha, nimo kati ya wale tisini na sita. Tuseme imebaki miwili. Tisini na sita kwa mia ya tisini na sita ni tisini na wawili na kidogo. Sifa, nimepanda mashua za Desemba zenye hesabu mbaya kuliko hiyo, na sikulia, nilikuwa nachota maji kwa kopo.

Sasa weka upande wa pili wa mizani: wewe kubaki. Wanne wanakuwa watatu? Wanakuwa watatu na nusu? Hapana. Wanabaki wanne. Mshipa haujui nani yuko jikoni. Ukiwepo nitavuja au sitavuja. Usipokuwepo nitavuja au sitavuja. Shangazi yako anajua namba ya gari la hospitali, anajua kunilaza ubavu nikianguka, na kifafa chenyewe tangu vidonge kimekaa kimya. Kubaki kwako kungegharimu mwaka mzima na kununua sifuri. Nimefanya biashara maisha yangu yote. Biashara ya namna hiyo niliifanya mara moja, nikiwa na miaka kumi na minane, na nimekuambia faida yake.

Nikuambie na lile ambalo tumekuwa tunalizunguka wote wawili. Dawa hiyo haitanikuta mimi. Ninajua. Siku ya kwanza ulipoelewa ya kwamba itachukua miaka mingi zaidi ya mishipa yangu, nilikuona ulivyofunga simu na kwenda kukaa nyuma ya depo. Ulikuwa umeianza kwa ajili yangu, na ukaona haitafika kwa wakati. Ukaanza kuichukia kidogo, na hapo ndipo wazo la kubaki lilipozaliwa. Je, nasema uongo?

Mimi sikuichukia. Mimi mwaka huu wote, nikiwa nimelala na huu mzigo ndani ya fuvu, kinachonipa usingizi ni kujua kwamba iko kazi, ina swali, na swali lenyewe limetoka kwenye nyumba hii. Wengine wanapata fundo wanabaki na fundo tu. Mimi langu limezaa. Kuna mtu huko Minembwe saa hii anachunga ng'ombe, ana fundo kama langu hajui, siku moja ataanguka na watamwambia amerogwa. Nataka siku hiyo pawepo mtu anayejua la kufanya na homa yake. Baba yako mdogo aliniuliza juzi, "Mutoto mwanamuke kusoma mishipa ya batu, ni kazi gani hiyo, shemeji?" Nikamjibu ni kazi ya kuwachelewesha wanaongoja kugawana. Akainamia kikombe akanywa chai yake yote mpaka majani. Sijawahi kuona chai ikimfaa mtu vile.

Kuna mambo mawili ya kwenda nayo, kisha nakuacha ulale. La kwanza, mbele ya hao wasomi usifanye kama nilivyofanya mimi Nairobi. Usiitikie usichokielewa. Wewe hujawahi, lakini ugenini kunabadilisha watu. La pili, kuna siku majaribio yatakataa, na utasema ni kwa sababu wewe ni wa huku. Hapana. Yatakataa kwa sababu majaribio hukataa. Kwa sababu ya wewe kuwa wa huku watakunyima mambo mengine, hayo utayaona na utayakasirikia, na ruhusa ninayo ya kukupa. Usichanganye tu hayo mawili ndani ya pipa moja.

Na kama katika ile hesabu nitakuwa mmoja wa wale wanne, watakupigia simu. Lia siku zako. Kisha urudi mezani kwako, umalize. Sitaki kuwa bei ya nauli ya kurudi.

Sasa habari ya mwisho, ambayo sikukuambia mchana kwa sababu ungepiga kelele. Chumba chako nimekipangisha. Mwalimu mpya wa hesabu wa sekondari, kijana mpole, wa Nundu. Anahamia kesho saa sita mchana na godoro lake, ufunguo nimeshampa. Kwa hiyo usiku wa kesho hapa Baraka huna kitanda, una kiti kwenye mashua ya Kigoma tu. Amesema dirisha la upande wa ziwa amelipenda sana. Nimemwambia asilizoee: mkataba wake ni wa miaka mitatu, kama wa masomo yako, na siku utakaporudi atatoka. Aliuliza nani atakuja kumtoa. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, na nikatia sahihi.

Mama yako